Manowari haifufuliwi kwa ndoo ya rangi

Kuna watu wakiona kitu cha zamani kimechakaa, wazo la kwanza linalowajia ni ndoo ya rangi. La pili ni kibao chenye maandishi. La tatu ni mgeni rasmi wa kukata utepe. Wakishamaliza hayo matatu wanatangaza kwamba kitu hicho "kimehifadhiwa", tunapiga makofi, tunakula sambusa, tunaondoka.

Leo nagombana na watu hao. Na nitagombana nao kwa kutumia kitu ambacho wengi wenu, najua, hamjawahi kukiwaza hata siku moja: motaboti za kivita za zamani, zile za mbao, za enzi za vita kuu mbili. Msinikimbie. Mwisho wa safari hii uko Kigoma.

Wazo hili nililipeleka kwanza kwa mhariri mmoja. Akasoma mistari mitatu, akacheka, akaniuliza: "Dogo, nani atasoma habari za boti za Wazungu wakati umeme umekatika tangu asubuhi?" Sikumjibu, maana aliyekushikia kalamu nyekundu humjibu. Namjibu leo kwenye uwanja wangu, ambako hakuna wa kunipunguzia maneno.

Hoja yangu ni hii. Motaboti ya kivita ya zamani haijafufuliwa mpaka iwake kwa injini ya aina yake, iondoke gatini kwa nguvu zake yenyewe, na wawepo watu wanaojua kuiwasha tena kesho na keshokutwa. Ikipungua hapo ni kabati kubwa la mbao lenye umbo la boti. Unaweza kulipaka rangi ya kijivu ya jeshi mpaka ling'ae, litabaki kabati.

Tuanze Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la majini la huko lilijenga mamia ya boti ndogo zenye kasi, zilizobeba topido, zikijulikana kwa herufi mbili tu: PT. Kama umewahi kusoma maisha ya John F. Kennedy, moja unaijua. Ni PT-109, aliyoiongoza yeye, ambayo Agosti 1943 iligongwa na kukatwa vipande viwili na manowari ya Kijapani katika visiwa vya Solomon. Boti hizi zilikuwa za mbao. Vipande vyembamba vya mahogani vililazwa mshazari, tabaka juu ya tabaka, na katikati likapita turubai lililoloweshwa gundi. Tumboni zilitiwa injini tatu za Packard, kila moja na silinda 12, zinazokunywa petroli ya ndege. Matangi yalibeba zaidi ya lita 11,000. Zikikanyagwa mafuta zilikimbia karibu kilometa 75 kwa saa juu ya maji.

Vita ilipokwisha, unadhani walizifanyaje? Walizichoma. Mwishoni mwa mwaka 1945, ufukweni mwa kisiwa cha Samar huko Ufilipino, boti zaidi ya 100 zilivuliwa vitu vya thamani kisha zikatiwa kiberiti. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu tuna ugonjwa wa kuamini kwamba wenzetu walizaliwa na moyo wa kutunza vitu na sisi tulizaliwa na moyo wa kutupa. Si kweli. Walichoma kwanza, wakajuta baadaye, na majuto yale yakawagharimu.

Moja ya zilizonusurika ni PT-305. Ilijengwa New Orleans mwaka 1943 katika karakana za Higgins, ikapigana katika bahari ya Mediterania, pwani za Ufaransa na Italia, na mwaka 1948 ikauzwa uraiani. Huko ilifanya kila kibarua. Ilitembeza watalii New York. Baadaye ikawa chombo cha wavuna chaza katika ghuba ya Chesapeake. Zile injini za Packard ziling'olewa zamani sana. Kisha ikakatwa tezi, futi 13 nzima, kutoka futi 78 ikabaki 65, kwa sababu chombo cha urefu huo kilikuwa na masharti mepesi zaidi ya leseni. Umelisikia hilo? Manowari iliyorudi salama kutoka vitani ikaja kukatwa mkia na makaratasi ya leseni.

Mwaka 2007 makumbusho ya Vita Kuu ya Pili ya New Orleans iliuchukua ule mzoga na kuurudisha mji ulikozaliwa. Hapo sasa watu wa ndoo ya rangi wangekuwa wameshamaliza kazi kwa wiki mbili. Hawa walichukua miaka 10. Waliojitolea walikuwa zaidi ya 200, na saa zao za kazi zilivuka 100,000. Piga hesabu: mtu mmoja anayefanya kazi saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, angehitaji miaka 50 kuzimaliza peke yake. Waliijenga upya ile tezi iliyokatwa. Wakafunga injini tatu za Packard. Mwaka 2017 boti ikanguruma na kuanza kubeba abiria katika ziwa Pontchartrain, lilelile ambako Higgins alizijaribu boti zake wakati wa vita.

Na huko Portland, jimbo la Oregon, wapo wengine na boti yao, PT-658, iliyojengwa mwaka 1945. Hiyo haikuwahi kupigana, vita iliisha kabla haijafika popote. Lakini walioifufua walikuwa watu wa kujitolea, na miongoni mwao walikuwamo wazee waliotumikia boti za aina hiyo wakiwa vijana. Nayo ikawashwa kwa injini zake tatu za Packard.

Sasa simama hapo kidogo. Injini ya Packard ya boti haina duka la spea Kariakoo. Haina duka la spea hata Marekani. Ukitaka kuifufua lazima utafute injini nyingine zilizokufa ili ukate hapa ubandike pale, uchonge kifaa ambacho hakichongwi tena na kiwanda chochote, ufungue kabureta ambayo kitabu chake kimepotea, na umtafute mzee anayekumbuka kwamba ukiisikia inalia namna ile, punguza moto haraka. Mzee yule akizikwa kabla kijana hajasikia mlio huo pamoja naye, huwezi kuununua ujuzi wake popote. Kwa hiyo unapoona boti ile ikikata maji usidhani kilichofufuliwa ni boti peke yake. Pamefufuliwa mikono na masikio ya watu. Na hicho ndicho ndoo ya rangi haiwezi kukifanya.

Twende kwenye zege.

Kila mahali duniani watu wa rangi hufanya kosa moja linalofanana. Wanaitoa boti ya mbao majini, wanaipandisha juu ya zege mbele ya jengo fulani, wanaweka bustani ya maua kuizunguka, wakiamini wameiokoa. Muulize fundi yeyote wa mashua, kuanzia Bagamoyo mpaka Lamu, atakucheka. Ubao wa chombo huishi kwa kunywa maji. Ukiwa majini umevimba, viungo vimebanana, kalafati imekaa mahali pake. Uanike juani miezi mitatu: unasinyaa, mianya inafunguka, pamba ya kalafati inachomoza kama ulimi. Halafu mvua inanyesha. Maji ya mvua yanatuama kwenye ngama, na maji matamu ndiyo yanayoozesha ubao. Maji ya chumvi hayana haraka hiyo. Nje unaona rangi mpya inayometa, ndani kuvu inakula taratibu bila kumwomba mtu ruhusa.

Baharini nako kuna adui, sikatai. Kuna funza wanaotoboa mbao. Ndiyo maana wazee wa pwani walivipandisha vyombo vyao mara kwa mara, wakavipitishia moto chini ya tumbo, wakavipaka deheni ya mafuta na chokaa. Lakini angalia walichofanya baada ya hapo: walivirudisha majini. Hakuna aliyeona pa kuhifadhia jahazi lake pazuri zaidi ya baharini.

Injini nayo ni hivyohivyo. Injini isiyowashwa haipumziki, inakufa polepole. Mafuta yanateremka kutoka kwenye kuta za silinda, unyevu unapanda, kutu inashika, ringi zinaganda, mipira inakauka na kupasuka. Yeyote aliyewahi kuacha gari uani kwa mwaka mzima kisha akarudi na ufunguo mkononi anaelewa ninachosema. Kwa vitu vya aina hii, kazi ndiyo matunzo yenyewe. Ukikinyima kazi umekinyima dawa.

Hao ni wa zege. Kuna kundi la pili, nao ni wajanja zaidi, kwa hiyo nina hasira nao zaidi. Hawa hawaipandishi boti kwenye zege. Wanatengeneza ubao vizuri, wanapaka rangi sahihi, wanaandika namba sahihi ubavuni, kisha chini kwenye chumba cha injini, mahali ambapo mgeni haoni, wanafunga dizeli mpya ya kisasa yenye kompyuta. Boti inakwenda. Wanakuambia: "Si umetaka iende? Hiyo inakwenda."

Hapa nawaleteeni boti ya Uingereza iitwayo Medusa. Ilijengwa Poole mwaka 1943, futi 72, kwa ajili ya ulinzi wa bandari, na namba yake ya kijeshi ilikuwa HDML 1387. Usiku wa kuamkia 6 Juni 1944, siku ya uvamizi wa Normandy, kazi yake ilikuwa kusimama mahali pamoja baharini, kuonyesha mlango wa njia iliyosafishwa mabomu kuelekea ufukwe wa Omaha, ili wengine wasipotee wakaingia kwenye mabomu. Boti ndogo, kazi ndogo, na mamia ya vyombo yanaitegemea. Kati ya mwaka 2006 na 2010 ilifanyiwa ukarabati mkubwa wa mbao zake kwa msaada wa fedha za bahati nasibu ya taifa zinazotengwa kwa ajili ya urithi. Waliokuwa wakiitunza hawakuzitupa dizeli zake za Gleniffer. Walizibakiza.

Ukaidi? Ngoja nikueleze kilichomo ndani ya uamuzi huo. Katika boti za aina ile aliyeshika usukani hagusi injini kabisa. Anavuta mkono wa kifaa, kengele inalia huko chini, na fundi aliyesimama katikati ya injini mbili, hewa nzito, masikio yamezibwa na kelele, haoni bahari wala adui, anasoma amri kwenye sahani ya kifaa na kuitekeleza kwa mikono yake. Kati ya amri na mwendo kuna binadamu. Nahodha anayekaribia gati lazima afikirie mapema, kwa sababu injini zake zina mtu ndani, na mtu anahitaji sekunde zake. Hivyo ndivyo vita ya majini ilivyokuwa kwa watu wa chini. Ukifunga dizeli ya kisasa yenye kishikio kimoja kule juu, umemfukuza yule fundi wa chini kwenye historia. Boti inakwenda, ndiyo. Lakini umeifuta sehemu ya hadithi iliyokuwa na jasho, ukabakiza yenye bendera.

Najua mnayoyasema sasa. Nayajibu moja moja.

La kwanza: "Ni fedha za kuchezea. Watu hawana dawa hospitalini, wewe unatuletea boti." Ndugu yangu, hoja hii ingekuwa na nguvu kama fedha inayokosekana kwenye boti ingeonekana hospitalini. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kufuatilia fedha, na sijawahi kuona shilingi iliyonyimwa makumbusho ikapanda daladala kwenda kununua dawa. Halafu angalia gharama yenyewe inakwenda wapi. Ndoo ya rangi inamlipa muuza rangi. Saa 100,000 za kazi zinazalisha seremala, mchomeleaji, mchongaji vyuma na fundi injini. Ipi kati ya hizo ni anasa?

La pili: "Hizo ni silaha. Kwa nini tutukuze vita?" Hili nalichukua kwa uzito. Boti ya topido ilijengwa ili iue. Lakini sanamu ndiyo inayotukuza vita, kwa sababu sanamu haina harufu. Panda chombo chenye injini tatu zinazolia, vuta moshi wa petroli, uone jinsi ubao mwembamba wa mahogani ulivyokuwa ndio ukuta pekee kati ya kijana wa miaka 19 na risasi. Hutatoka humo ukiimba sifa za vita.

La tatu, la wasomi: "Ukishabadilisha mbao zote, je, bado ni boti ileile?" Hili huulizwa na watu ambao hawajawahi kumiliki jahazi. Pwani yetu jahazi hubadilishwa ubao mmoja mwaka huu, taruma mbili mwaka ujao, mlingoti ukivunjika. Baada ya miaka 30 huenda hakuna ubao hata mmoja wa mwanzo. Na mwenyewe bado analiita kwa jina lake, na bandari nzima inalijua kwa jina hilo, kwa sababu halikuacha kusafiri na halikukosa fundi anayejua lilivyojengwa. Uasili wa chombo unakaa kwenye namna ya kukijenga na kukiendesha. Ubao huja na kuondoka.

La nne ni la usalama, na hapo nakubali upesi. Weka vifaa vya kuzimia moto vya kisasa, weka redio, weka makoti ya kuokolea. Petroli ya ndege si juisi. Hakuna uasili unaostahili kuua abiria. Ninachokataa ni mtu kutumia neno usalama kama pazia la uvivu wake.

Sasa nawarudisha nyumbani, maana kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Sisi tuna historia ya motaboti za kivita kuliko tunavyodhani. Mwaka 1915 Waingereza walizileta Ziwa Tanganyika boti mbili za mahogani, kila moja futi 40, zilizojengwa na kampuni ya Thornycroft, ili kupambana na Wajerumani waliokuwa wakilitawala ziwa. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, ambayo ni paka na mbwa kwa Kifaransa cha mitaani, na hilo likapita. (Ndiyo, umesoma vizuri. Ziwani kwetu kulikuwa na boti ya kivita ya Mfalme wa Uingereza iitwayo Mimi. Ukiiuliza wewe nani, jina lenyewe lilikuwa jibu.) Zilisafirishwa kwa meli mpaka Cape Town, kwa treni mpaka Katanga, kisha zikaburutwa porini na kupandishwa milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, maksai na mikono ya Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja zaidi ya 100. Halafu treni tena, mto Lualaba, treni tena, ziwa. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata boti ya Kijerumani iitwayo Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa.

Leo Mimi iko wapi? Toutou iko wapi? Hakuna makumbusho unakoweza kulipa kiingilio ukaigusa mojawapo. Jina la Spicer-Simson limo vitabuni, maana makamanda hawakosi wa kuwaandika. Majina ya waliovuta kamba Mitumba, nitajie hata matano. Huwezi, na mimi siwezi. Natamani Mimi ingekuwa hai pale Kigoma, injini zake mbili za petroli zinawaka, mtoto wa darasa la tano anaipanda na kumuuliza mwalimu: "Boti nzito hivi ilipandaje mlima?" Swali hilo moja lingewatoa kaburini watu ambao vitabu vimewasahau. Mbele ya sanamu mtoto anapiga picha tu, anapita.

Na kuna jingine la ziwa hilohilo, ambalo kila ninapolikumbuka hasira yangu kwa ndoo ya rangi inapanda upya. Wajerumani walikuwa na meli kubwa, Graf von Goetzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa kwa makasha mpaka Dar es Salaam, kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa huko na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka mmoja baadaye adui alikuwa anakaribia Kigoma, na amri ikatoka: izamisheni wenyewe. Mafundi walioiunganisha wakaizamisha Julai 1916. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka injini yake grisi nzito.

Fikiria watu wale. Vita wameshindwa. Adui yuko njiani. Meli yao wenyewe wanaipeleka chini ya ziwa. Na bado wanahangaika na grisi, kwa sababu wanajua injini ikilindwa, siku moja mtu atakuja. Akaja. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe. Jiulize: kama mafundi wale wangeshughulika na kuipaka rangi ubavuni, leo tungekuwa na nini?

Najua mjanja mmoja ameshaninasa. Liemba ilikuwa ya mvuke, na miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iling'olewa ikafungwa dizeli. "Wewe si umesema kubadilisha injini ni dhambi?" Nimesema ni dhambi kwa chombo ambacho kazi yake ni kutufundisha kilivyokuwa. Liemba haikuwa makumbusho. Kazi yake ilikuwa kubeba watu, dagaa na mizigo kati ya Kigoma na Mpulungu. Mwaka 2015 ilibeba maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, mahali ambapo barabara haikuwa msaada wowote. Chombo chenye abiria wanaosubiri kina haki ya kubadilishiwa moyo ili kiendelee kubeba. Chombo kilichostaafu ili kiwe shahidi hakina ruhusa hiyo, maana shahidi haruhusiwi kubadilisha maneno. Kwa hiyo kabla hujanunua rangi, uliza kwanza: kazi ya chombo hiki ni nini? Ukishajua, kifufue kwa kazi hiyo. Katika hali zote mbili lazima kiende.

Mipango ya kuikarabati Liemba imezungumzwa kwa miaka mingi, na kwenye maziwa yetu na pwani yetu vimo vyombo vingine vinavyozeeka. Ninachodai si kikubwa. Kila ukarabati wa chombo cha zamani unaofanywa kwa fedha ya umma uwe darasa: vijana wa VETA na wa Chuo cha Bahari Dar es Salaam wawe ndani ya chumba cha injini, wachafuke, si nje wakipunga bendera. Kila kifaa kinachong'olewa kiandikwe jina, kipakwe grisi, kitunzwe, kisiuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Na wale wazee wanaojua kulalia kalafati, kuchonga taruma kwa macho na kusikia injini kwa sikio moja, walipwe wafundishe. Walipwe, nasema. Cheti cha shukrani hakipiki ugali.

Mhariri wangu aliuliza nani atasoma habari za boti za Wazungu. Jibu langu: yeyote anayeishi katika nchi ambayo kitu kikiharibika fundi wa kukitengeneza anaagizwa kutoka nje. Hiyo si habari ya Wazungu hata kidogo.

Na nyie wa ndoo ya rangi, mnajijua. Mkinialika kwenye uzinduzi wenu nitakuja, sambusa nitakula, hotuba nitasikiliza mpaka mwisho. Kisha nitanyoosha mkono, na swali langu litakuwa lilelile kila siku, jiandaeni nalo mapema: inawaka?